Leo Hasikii

Daktari wa wodi alimchoma binti kidogo kwa ncha ya sindano kwenye unyayo wa kulia. "Unasikia?"

"Sisikii."

Akapanda juu, kwenye kifundo. "Na hapa?"

"Sisikii."

Inspekta alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani. Aliamka na hasira zake asubuhi ile, za kawaida tu, za maji kukatika na Mkuu wake kupiga simu kabla hajapiga mswaki. Sasa zilikuwa zimepata kazi ya kufanya. Binti huyu ndiye aliyekuwa mpandaji bora wa chuo kizima cha farasi, na hapa watu wazima walikuwa wakiitafuta miguu yake kwa sindano.

Daktari alipotoka, Inspekta akavuta kiti.

"Nieleze tena, mdogo wangu. Tangu ulipompanda yule farasi."

"Si nimeshaeleza, Afande."

"Nieleze hivyo hivyo."

Binti aliongea akiwa anaangalia dari. "Nilimkuta farasi wangu, Shangazi, ametandikwa tayari. Mzee mwenye chuo ndiye aliyemshika nikapanda. Akaniambia, 'Mshike vizuri, leo hasikii.' Nikazunguka naye uwanja, akaenda vizuri tu. Tukafika kwenye kile kizuizi cha chini, kile cha wanaoanza. Akaweka mguu wa mbele chini kama vile hana mguu. Tukaanguka wote, yeye juu yangu."

"Alikuwa anachechemea?"

"Hata kidogo."

Inspekta akaandika hilo kwenye daftari lake. "Baba yako anaomba kukuona. Yuko mahabusu, lakini naweza kumleta."

"Simtaki."

"Ni baba yako."

"Ni fundi kwato, yeye ndiye aliyempigilia Shangazi viatu, na msumari wake ndio ulionilaza hapa!" Sauti ilimpasuka. "Jana Mzee alikuja akanionyesha picha kwenye simu. Msumari umeingia kwenye nyama hai. Na chuo kizima kilimsikia Baba akipiga kelele kwamba Shangazi hatapandwa tena, yeye atahakikisha. Basi amehakikisha. Labda hakujua kwamba nitakuwa mimi juu. Sasa anajua."

Aligeuza uso ukutani. Sehemu hiyo ya mwili bado ilimtii.

*

"Mkuu anasema fundi afikishwe mahakamani mchana huu," alisema Koplo ndani ya gari. "Anasema ushahidi upo, picha ipo, vitisho vipo. Anasema pia Mzee ni mtu wa heshima zake, asisumbuliwe."

"Na mimi ni mtu wa nini?"

Koplo alikuwa na akili ya kutosha kutolijibu swali hilo. Nyuma yake, amefungwa pingu, fundi kwato alikuwa amejaza kiti kizima. Alikuwa mtu wa kifua kipana na mdomo usio na breki, na tangu watoke kituoni alikuwa amewatukana Mzee, chuo, polisi na mtu aliyebuni mkanda wa gari. Kuhusu binti yake hakutia neno.

"Amesemaje?" aliuliza hatimaye.

"Hataki kukuona," alisema Inspekta. Hakuona faida ya kumdanganya.

Fundi hakutukana tena njia yote.

Banda la chuo lilikuwa jengo refu lenye ukumbi wa saruji katikati na vizimba pande zote mbili, na mbele ya kila kizimba hatamu imetundikwa. Palinuka nyasi kavu na mkojo. Shangazi alikuwa kizimba cha mwisho, farasi jike mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Jina alilipata kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake asikaguliwe mifuko na kuulizwa ameleta nini. Miguu yake ya mbele ilikuwa imezungushiwa bendeji nyeupe juu ya kwato, safi kama za hospitali ya kulipia.

Watu wawili walikuwa wakiwasubiri. Mmoja alikuwa Daktari wa mifugo, mwanamke mwenye mabuti ya mpira na uso wa mtu asiyependa kuitwa mara mbili. Mwingine alikuwa Mzee, baba yake mzazi, mwenye chuo. Mzee naye alikuwa daktari wa mifugo kabla ya kustaafu. Kliniki alimwachia bintiye na wagonjwa wote, isipokuwa mmoja. Shangazi hakumwachia mtu. Visigino vya farasi huyu vilikuwa vimeharibika mifupa na kila aliyemwona alisema basi tena, hatapandwa. Mzee akamchukua mwenyewe, na baada ya muda akamtoa bandani akikimbia. Tangu hapo hakukuwa na mgeni aliyetoka chuoni bila kusimuliwa habari hiyo, na wengine walisimuliwa mara mbili.

Inspekta alimwamkia Mzee kwa ajili ya mvi zake. Mzee akaitikia bila kumtazama.

"Sikuona haja ya kumleta huyu," alisema, akimwonyesha Fundi kwa kidevu. "Msumari nimeuona kwa macho yangu. Nimeupiga picha. Mnataka nini tena?"

"Nataka kuuona ukitoka," alisema Inspekta. "Daktari atapima, Fundi atang'oa, mimi nitatazama. Koplo, mtoe pingu."

"Afande, akikimbia?"

"Mwili ule ukimbie? Mtoe."

Fundi alisugua vifundo vya mikono, akavaa aproni yake ya ngozi. Daktari alikuwa ameshaanza naye.

"Ulipiga kwenye nyama, Fundi."

"Sijapiga kwenye nyama."

"Na ncha ya ukwato uliiacha ndefu. Nilikuambia uipunguze, ukanijibu unajua kazi yako."

"Hiyo ya ncha nakubali," alisema Fundi kwa shida, kama mtu anayetema mate kwenye kiganja chake. "Niliiacha ndefu kwa sababu kiatu kilikuwa kinalika mbele. Farasi alikuwa anaburuta mguu. Nikamwambia Mzee, farasi anaburuta, mtu asimpande mpaka tujue kwa nini. Akaniambia nishike nyundo, udaktari nimwachie yeye. Ndipo nikapiga kelele. Nilisema hatapandwa tena, ndiyo, nilisema! Nilitaka kugoma kumvisha viatu. Binti yangu ndiye anayempanda, mimi nimtegee msumari? Mna akili nyie?"

"Baadaye," alisema Inspekta. "Kwanza nataka kumwona akitembea."

Daktari alimtoa Shangazi ukumbini kwa hatamu. Alimwambia "twende" akaenda, "simama" akasimama, "rudi" akarudi nyuma taratibu hadi alipotakiwa. Hakuchechemea. Inspekta hakuwa mtaalamu wa farasi, lakini aliwahi kukanyaga msumari, na siku ile alitembea kwa kisigino na kulaani watu wa ujenzi.

"Ana msumari kwenye nyama," alisema, "na anatembea hivi?"

"Nimempa dawa ya maumivu," alisema Mzee haraka. "Si mnyama naye? Aachwe ateseke?"

"Daktari, dawa inatosha kufanya hivi?"

Daktari alisita. "Inapunguza. Lakini nikimbana palepale kwa koleo, ataruka. Hakuna dawa ya kunywa itakayomzuia."

"Mbane."

Walianza na mguu wa nyuma ulio mzima, ili wajue anavyokuwa akiwa hana maumivu. Fundi aligusa tu nyuma ya goti na Shangazi akauinua mguu mwenyewe. Daktari akabana ukwato kwa koleo lake refu, huku na huku. Farasi akapiga miayo. Koplo, aliyesimama mbali kuliko inavyotakiwa kikazi, alisema kwa sauti ya chini, "Hata watoto wangu hawasikii hivi."

Wakahamia mguu wa mbele wa kushoto. Fundi aliuweka katikati ya mapaja yake, akageuza unyayo wa farasi juu, na msumari ule ukaonekana, kichwa chake kiking'aa.

"Kaa tayari, Fundi," alisema Daktari.

"Niko tayari."

Alipanua miguu na kuinamisha mabega. Daktari naye alisogeza kichwa chake kando. Inspekta alijikuta amebanwa na ukuta, na hakukumbuka alifikaje. Koplo alikuwa tayari yuko mlangoni. Mzee ndiye aliyebaki pale pale, bega kwenye kifua cha farasi, kiatu chake cha ngozi chini kabisa ya ukwato ulioinuliwa.

Daktari akabana.

Shangazi alikuwa anatafuta kitu kwenye mfuko wa koti la Mzee. Aliendelea kutafuta.

"Bana tena," alisema Inspekta.

Daktari alibana kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Farasi hakutikisa hata sikio. Daktari akalitazama koleo, kisha akamtazama Fundi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hawakuwa na la kugombania.

"Ng'oa," alisema.

Fundi alikunjua ncha za misumari upande wa nje, akaing'oa mmojammoja na kuipanga juu ya ndoo iliyofunikwa. Misumari yake ilitoka imefifia, ina kutu ya hudhurungi. Ule wa kwenye nyama ulitoka wa mwisho. Ulikuwa mpya, wenye damu nyembamba iliyoganda.

Daktari aliupeleka puani. "Haunuki." Akachukua kisu cha kwato, akapanua tundu kidogo, akatazama kwa tochi. "Usaha hakuna. Ulimvisha viatu lini, Fundi?"

"Wiki iliyopita. Ijumaa."

"Msumari ukikaa kwenye nyama tangu Ijumaa, hapa pangekuwa pameoza. Pangenuka hadi mlangoni." Aliuinua msumari mbele ya macho ya Inspekta. "Huu una siku moja, mbili ukizidi, na leo siku tatu zimepita tangu ajali. Umepigwa baada ya farasi kuanguka."

Fundi alinyanyuka. Inspekta aliona hatari, akajiweka katikati yake na Mzee. Kifua cha Fundi kilikuwa kikipanda na kushuka juu ya kichwa chake.

"Fundi. Rudi nyuma."

"Alimwonyesha mwanangu picha! Akiwa kitandani! Alikwenda hospitali kumwonyesha mwanangu picha!"

"Nimesema rudi!"

Alirudi. Shangazi naye, akidhani ameambiwa yeye, alirudi nyuma hatua mbili na kusimama.

Inspekta alimtazama yule farasi. Kisha alimtazama kwa muda mrefu zaidi.

"Fundi, huyu ni mkaidi?"

"Nani, Shangazi? Huyu ukimwambia akufulie nguo atauliza sabuni iko wapi."

"Hana siku za kutosikia?"

"Hajawahi kuwa nazo."

"Mzee." Inspekta aligeuka. "Ulimwambia yule binti amshike vizuri, leo hasikii. Nimekaa na maneno hayo tangu asubuhi. Nilidhani umesema ni mtukutu. Binti naye alidhani hivyo hivyo. Lakini huyu farasi anasikia kuliko polisi wangu."

Koplo alikohoa.

"Ni maneno tu," alisema Mzee. "Mtu anamwambia mpandaji awe makini."

"Leo nimemwona mtu akichomwa sindano kwenye unyayo, akiulizwa unasikia, akajibu sisikii. Hakuwa mtukutu." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda na hakuizuia. "Tulipombana huyu farasi sote tulijihami. Fundi alijipanga, binti yako alikwepesha kichwa, mimi niliparamia ukuta, na Koplo karibu atoke nje ya wilaya. Wewe umekaa na farasi maisha yako yote, na wewe peke yako uliacha mguu wako chini ya ukwato. Ulijuaje kwamba hatashtuka? Daktari, fungua hizo bendeji."

"Hazifunguliwi!" Mzee alisogea mbele. "Ni za kushikilia mishipa. Mgonjwa ni wangu, nimeshasema tangu zamani, asiguswe na mtu!"

"Fungua."

Daktari alipiga magoti. Alifungua bendeji taratibu, akiikunja mkononi jinsi alivyofundishwa, na pengine aliyemfundisha ndiye aliyekuwa amesimama juu yake. Akapitisha kidole gumba kwenye manyoya, juu kidogo ya ukwato, upande wa nje. Akasimama hapo. Akapitisha upande wa ndani. Akafungua mguu wa pili, akafanya vivyo hivyo.

Alipoongea, hakuinua uso.

"Baba. Nani amemkata?"

Mzee alijishughulisha na hatamu.

"Daktari, nieleze mimi," alisema Inspekta.

"Kuna makovu mawili kila mguu. Hapa ndipo unapopita mshipa wa fahamu kwenda kwenye ukwato. Ukiukata, maumivu ya kisigino yanakwisha, farasi anaacha kuchechemea, unasema amepona." Sasa alikuwa amesimama, bendeji imening'inia mkononi. "Hajapona. Mfupa unaendelea kuoza kimyakimya, na yeye hana habari. Hajui hata kama amekanyaga jiwe au shimo. Anaburuta mguu kwa sababu hajui uko wapi. Farasi wa hivi analishwa, anapendwa, anaachwa malishoni. Hapandwi! Wewe ndiye uliyenifundisha, Baba! Ulinisimamisha mbele ya darasa zima nikalirudia!"

"Alikuwa anateseka."

"Angepumzishwa!"

"Angepumzishwa!" Mzee alimwiga, na heshima yote ikamtoka usoni mara moja. "Nilishawaambia watu nimemponya. Walikuja kutoka mbali kumwona. Ningesema nini? Kwamba na mimi nimeshindwa kama ninyi? Mliketi mkasema Mzee amechoka, mikono inamtetemeka, aache kazi. Nilimkimbiza! Mlimwona akikimbia!"

"Tulimwona pia akianguka," alisema Fundi.

"Na nilimwonya," alisema Mzee. Alimgeukia Inspekta kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka ana risiti mfukoni. "Asubuhi ile niliona anajikwaa. Nikamwonya yule binti. Wewe mwenyewe umesema, amekwambia. Nilimwambia hasikii!"

Hata Koplo alielewa kwamba mtu huyu amejifunga mwenyewe kwa mdomo wake.

Inspekta alikuwa amewahi kuwakasirikia wezi na wauaji, na mara nyingi zaidi wakubwa wake. Hasira hii ilikuwa mpya.

"Ulijua," alisema. "Ulimwona anajikwaa, ukamshika hatamu, ukampandisha mtoto wa mwenzio juu. Halafu ukamwambia nusu. Neno moja, Mzee! Ulibakiza neno moja tu mdomoni: mguu. Leo hasikii mguu. Angeshuka! Mpandaji yeyote angeshuka hapo hapo! Ulilimeza neno lile kwa sababu ungelisema, watu wangejua. Na alipoanguka, ukachukua nyundo ukapiga msumari kwenye ukwato usiosikia, ukapiga picha, ukaenda kumpa binti sababu ya kumchukia baba yake. Koplo! Mfunge."

Koplo alitoa pingu, akazitazama mvi, akasita. "Afande, Mkuu alisema asisumbuliwe."

"Basi mfunge bila kumsumbua."

Zilipobana, Mzee alimtazama bintiye. Daktari alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ameinua tena mguu wa Shangazi.

"Lete maji ya moto na chumvi, Fundi," alisema kwa sauti iliyokauka. "Tundu lipo na halijisafishi. Yeye hatatuambia likianza kuoza, kwa hiyo tutakuwa tunalitazama kila siku, mimi na wewe."

"Na ncha tuipunguze," alisema Fundi.

"Na ncha tuipunguze."

Inspekta alitaka kuondoka saa ileile. Alisubiri, akipiga mguu chini, mpaka walipomaliza kuosha na kufunga.

*

Kwenye mlango wa wodi Fundi alisimama. Alikuwa bado na aproni ya ngozi na alinuka banda. Muuguzi alimtazama, akamtazama Inspekta, akaamua kutouliza.

"Mwambie wewe kwanza," alisema Fundi. "Mimi hatanisikiliza."

Inspekta aliingia. Alimweleza binti kila kitu akiwa amesimama, bila kupamba: makovu, msumari mpya, neno lililomezwa. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni muda wote. Alijua ni Mkuu, akaiacha itetemeke. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Alipoulizwa kama ana swali alitikisa kichwa, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu aanguke yakateremka kuelekea masikioni, kwa sababu alikuwa amelazwa chali na hayakuwa na njia nyingine.

Inspekta akafungua mlango.

Fundi aliingia akitembea kwa ncha za vidole, mwili ule wote. Hakwenda upande wa kichwa. Alisimama miguuni pa kitanda, akafunua shuka, akaushika mguu wa kulia wa mwanawe kwa mikono yake miwili, chini ya kisigino. Hakujua namna nyingine ya kumwendea mgonjwa.

"Unasikia, mwanangu?"

Binti alimtazama.

"Nakusikia, Baba," alisema. "Mguu bado."